Siku Kampon Aliponyolewa

Tangu hospitali ilipomrudisha nyumbani na chupa mbili za dawa ya maumivu, Mama Bualai hakutaka kuoshwa na mtu mwingine ila Muepo. Dada yake, Sutha, alikuwapo, na majirani walikuwapo, lakini wote aliwakataa. Alisema Sutha humsugua kama anayeosha nyati aliyetoka matopeni. Kwa hiyo kila asubuhi Muepo aliegesha baiskeli chini ya nyumba, kando ya mtambo wa kufumia hariri ambao sasa ulifunikwa shuka, akapanda ngazi za mbao na beseni la maji ya vuguvugu.

Muepo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, binti wa Kikareni kabila la milimani, kutoka Mae Chaem huko kaskazini, mtoto wa mzee wa kanisa. Kanisa la kwao lilimtuma kujitolea mwaka mmoja huku bondeni Isan, katika kijiji cha Don Yang, afundishe watoto kusoma na kuimba, atembelee wagonjwa, na amsaidie Mchungaji Wirat, ambaye waumini wake wote walienea kwenye mikeka minne. Wanakijiji walimpokea bila chuki na bila shauku. Walimcheka kwa lafudhi yake, wakamcheka zaidi alipokula papai bichi lililotwangwa na pilipili machozi yakimtoka, kisha wakamzoea. Walimwita mwalimu wa milimani. Kwenye ibada hawakuja, ila watoto waliwaacha waje, kwa sababu alikuwa anawafundisha na hesabu.

Mwaka wake ulikuwa umebakiza wiki nne. Na moyo wake ulikuwa umekwama kwa Kampon.

Kampon alikuwa mtoto pekee wa Mama Bualai, kijana wa miaka ishirini na saba, fundi wa pawatila za kulimia na pampu za maji. Alikuwa akifanya kazi kiwandani, mbali huko pwani, akarudi mama yake alipougua. Msimu wa mavuno uliopita alimkuta Muepo shambani akikata mpunga kwa mtindo wa milimani, akamwambia kwamba kwa mwendo ule watamaliza mwakani. Muepo akamjibu kuwa bora amalize mwakani kuliko kuacha nusu ya masuke chini kama yeye. Kampon aligeuka kutazama alipopita, akaona masuke, akacheka mpaka akakaa chini. Ilianzia hapo.

Lakini hata mkono hawakuwahi kushikana. Kanuni za waliomtuma zilikataza mambo ya uchumba mpaka mwaka uishe, na kijijini nako msichana wa watu hashikwi ovyo. Walichokuwa nacho ni macho tu. Macho juu ya injini iliyofunguliwa, macho juu ya kikapu cha wali wa kunata, macho juu ya kitanda cha mgonjwa. Kampon alianza kuja ibadani mwezi wa kwanza. Mchungaji alipomuuliza amefuata nini, alisema kweli: alikuja kwa ajili ya msichana, akabaki kwa ajili ya maneno aliyokuwa akiyasikia. Ubatizo wake ukapangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa saba. Mpunga ukishapandikizwa, yeye na mjomba wake wangepanda basi kwenda Mae Chaem kwa baba yake Muepo, ambaye alikwisha kusema kwenye simu kwamba mkwe wa imani moja atampokea hata akija peku, lakini nje ya imani asijisumbue kupanda mlima.

Mambo yalikuwa hapo asubuhi ile, wakati Mama Bualai alipomshika Muepo kifundo cha mkono na kumzuia asikamue kitambaa.

"Mwanangu, nitauona mpunga wa mwaka huu ukivunwa?"

"Daktari alisema..."

"Sikumuuliza daktari."

Muepo aliyatazama maji ya beseni. "Hapana, mama."

Mama Bualai aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaijua. Kisha akamweleza, kwa pumzi fupifupi, jambo ambalo kila mama wa Don Yang analijua tangu anapozaa mtoto wa kiume. Mwana humlipa mama maziwa yake kwa njia moja tu: aingie utawani hekaluni, avae vazi la njano, hata kama ni kwa msimu mmoja wa mvua, miezi mitatu tu, na siku mama anapokufa apande mbinguni akiwa ameshika pindo la vazi lile. Baba yake Kampon alikufa bila kuliona. Kampon kila mwaka alisema mwakani, kazi za kiwanda hazimpi ruhusa. Na sasa msimu wa watawa ulikuwa unaanza baada ya siku kumi, na mwakani haikuwapo tena.

"Nimemwambia jana," alisema Mama Bualai. "Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aligeuka akatazama ngazi. Nikajua anakutafuta wewe."

Muepo alikichovya kitambaa majini tena.

"Ukimwambia asiende, hataenda. Nimemzaa, namjua. Sikuombi umwache, Muepo. Wala sikuombi umsukume. Nakuomba unyamaze tu."

"Mama, unajua kwamba mwisho wa mwezi..."

"Najua. Kaniambia kila kitu. Nilisema sawa, maana nilidhani nina muda wa kupata vyote viwili." Alifumba macho, maumivu yakampitia, akayafumbua. "Huyo Yesu wako, alimfanyia nini mama yake?"

"Alipokuwa anakufa, alimkabidhi kwa rafiki yake, amtunze."

"Mwenyewe akiwa anakufa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi anajua habari za mama," alisema Mama Bualai. "Hatanikasirikia."

Muepo alimaliza kumuosha miguu, akamfunika, akashuka ngazi. Alikaa chini ya nyumba karibu na mtambo wa hariri mpaka Sutha alipokuja kumuuliza kama anaumwa tumbo.

Mchungaji Wirat alilia alipoelezwa. Hakuwa mtu mbaya. Miaka kumi na mmoja amehubiri Don Yang na watu waliobatizwa aliweza kuwataja kwa majina bila kupumua. Alimwambia Muepo kwamba roho ya mtu si zawadi ya kumpa mgonjwa. Kampon akivaa lile vazi, alisema, ubatizo umevunjika, na miezi mitatu ndani ya hekalu si mchezo. Wengi huingia kwa ajili ya mama na hawatoki. Akamwambia kuwa ufunguo uko mikononi mwake na Mungu atamuuliza ameufanyia nini. Muepo akampigia baba yake simu. Mzee, jogoo wa kwao wakisikika nyuma, akasema kwamba ikiwa ni hivyo Mungu amekwisha kuamua, amalize kazi yake arudi nyumbani.

Kila aliyemwendea alikuwa na haki upande wake. Hilo ndilo lililommaliza nguvu. Angempata hata mtu mmoja mwovu, angejua wa kupigana naye.

Kampon alimfuata kesho yake, au tuseme walikutana mahali ambapo kila mmoja alijua mwenzake atapita. Alikuwa kwenye kidimbwi nyuma ya shamba la mjomba wake, pampu imefunguliwa, mikono yote grisi. Muepo alisimamisha baiskeli kwenye tuta. Walitazamana kidogo, kisha Kampon akarudisha macho kwenye boliti.

"Mama amekwambia," alisema.

"Ameniambia."

"Basi sema neno moja, Muepo. Useme niende, nitakwenda. Useme nisiende, nitapanda pale juu nimwambie mama hapana, na laana yake nitaibeba mwenyewe."

Muepo alitaka kulisema. Lilikuwa limekaa kwenye ulimi wake tangu asubuhi, neno dogo tu. Alimwona Kampon akiwa amevaa shati jeupe kwenye maji ya ubatizo. Alimwona akipanda mlima wa kwao amechoka, baba yake akitoka kumpokea. Kisha akauona mkono wa Mama Bualai juu ya kifundo chake, mwepesi kama kuti kavu.

"Kaka Kampon, bomba linavuja," alisema.

"Nimekuuliza jambo."

"Nimesikia."

Kampon alisimama. "Amekuomba unyamaze, sivyo? Na wewe umekubali."

"Sikukubali. Nimeshindwa tu."

"Ukishindwa wewe, mimi nitazitoa wapi nguvu?"

Kampon alichukua kitambaa akajifuta vidole, kimoja kimoja, kama mwenye haraka na asiyekuwa na pa kwenda.

"Nikishavaa lile vazi siruhusiwi kukugusa," alisema. "Hata ukinipa dawa, lazima nitandike kitambaa uiweke juu yake. Si wewe tu. Mwanamke yeyote. Hata mama."

"Hujawahi kunigusa, Kaka."

"Ndiyo," alisema Kampon. "Ndicho kinachoniuma."

Walikuwa wamesimama, kila mmoja hatua tatu kutoka kwa mwenzake. Hapakuwa na mtu shambani. Muepo alijua kwamba akisogea hatua moja tu yeye, zile mbili zitasogezwa na Kampon. Akazihesabu. Kisha akashika usukani wa baiskeli kwa mikono yote miwili, akaipanda akaondoka, na pampu aliisikia ikiwashwa nyuma yake, ikazimika, ikawashwa tena.

Jioni ile Kampon alimpigia mama yake magoti, akamwambia ataingia utawani.

Walimnyoa Ijumaa, mbele ya nyumba, chini ya turubai kwa sababu ya mvua. Alikaa kwenye kiti, kitambaa cheupe mabegani, jani la yungiyungi mapajani la kupokelea nywele. Wazee walianza, mmoja mmoja, kila mtu na mkasi wake mdogo na baraka yake. Mjomba alikata. Sutha alikata akiangua kilio, akamkwangua sikio, watu wakacheka. Mama Bualai alishushwa kwa kiti, akashikiwa mkono na mkasi, akakata shungi la nywele za utosini, akazinusa kabla ya kuziweka kwenye jani. Muepo alikuwa amesimama nyuma ya nguzo, pamoja na wapishi, akimenya vitunguu saumu ambavyo vilikwisha kumenywa.

"Muepo yuko wapi?" aliuliza Mama Bualai.

Sutha akainama akamwambia dada yake taratibu, ila si taratibu kiasi cha watu kutosikia, kwamba kukata nywele ni kwa ndugu, na yule ni mgeni, tena si wa dini yao.

"Anayeniosha mwili si mgeni," alisema Mama Bualai. "Mpe mkasi."

Njia ikafunguka. Muepo alipita katikati ya watu akijua kwamba habari zitamfikia Mchungaji Wirat kabla wali haujaiva. Aliupokea mkasi. Alisimama nyuma ya Kampon, akaiona shingo yake, kovu dogo chini ya sikio ambalo hakuwahi kulijua, tone la maji ya mvua likiteremka kwenda kwenye kola. Tangu mavuno alikuwa amezikumbuka nywele zile bila kuzishika. Sasa kijiji kizima kilikuwa kinamtazama azishike.

Alizishika. Zilikuwa nzito, na laini kuliko alivyodhania. Kampon alifumba macho.

"Kata taratibu," alisema, kwa sauti ambayo ilimfikia Muepo peke yake.

Alikata taratibu. Alilikata shungi aliloshika kidogo kidogo, mkasi ukiuma nywele chache, ukiacha, ukiuma tena, mpaka mpiga ngoma akakohoa na Sutha akaanza kusema kwamba watakeshea hapo. Lilipokatika lote, Muepo aliliweka kwenye jani. Hakujua baraka ya kusema. Alisema ile ya kwao, kwa Kikareni, ile mama yake aliyomwekea kichwani siku ya kuondoka: Mungu akulinde uendako, akulinde urudipo. Hakuna aliyeielewa. Kampon, ambaye hakujua Kikareni hata neno, aliitikia kwa kichwa.

Kisha mkuu wa hekalu, mtawa mzee, akaja na wembe.

Walimvika meupe, wakambeba mabegani na ngoma mpaka hekaluni, wakazunguka naye mara tatu kwenye matope. Mama Bualai, aliyebebwa kwa kiti hadi pale, aliyainua mavazi ya njano kwa mikono yake mwenyewe akamkabidhi mwanawe, na vidole vyao vikakutana chini ya kitambaa. Alivikawiza pale. Kampon alipotoka tena mlangoni alikuwa amekwisha kuvaa, nyusi zimenyolewa, uso kama wa mtu mwingine aliyetoka safari ndefu. Mama yake akamwinamia mwanawe mpaka paji likagusa mkeka, naye alilazimika kukaa wima na kuipokea ile heshima. Akamtazama Muepo mara moja juu ya vichwa vya watu. Baada ya hapo akatazama chini, kama alivyofundishwa.

Mchungaji Wirat hakumkaripia Muepo. Angemkaripia ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba amewapigia simu waliomtuma, na wameona ni busara Muepo arudi mapema. Basi la kwenda kaskazini lilikuwa la Jumamosi ya wiki inayofuata. Watoto watapata mwalimu mwingine.

Alhamisi, Mama Bualai aliacha kunywa maji. Mchana wake, Sutha akatuma watu hekaluni, na mkuu wa hekalu, mzee mwenye miguu ya kuvimba, akaja polepole juani akiwa na mtawa mmoja kijana nyuma yake. Walitandikiwa mkeka wao upande wa dirisha. Muepo alikuwa amepiga magoti upande wa pili wa kitanda, anamlowesha mgonjwa midomo kwa pamba. Alipomwona aliyeingia, alijua anapaswa kuinama na kumwita Kaka Mtawa, kama kila mtu. Aliinama. Jina lilimkwama.

Mama Bualai alikuwa amefumba macho tangu asubuhi, lakini sauti ya mwanawe ilipoungana na ya mzee katika kusoma, mkono wake wa kulia ulinyanyuka kutoka kwenye shuka. Ulipapasa hewani, upande wa dirisha. Ulipapasa kama wa mtu anayetafuta kamba ya chandarua gizani.

Kampon aliacha kusoma. Mkono wake ulitoka kwenye vazi, ukafika nusu ya njia. Mzee wa hekalu aliuona. Akageuza uso, akatazama nje kwenye mashamba, akaendelea kusoma peke yake.

Ni mama aliyemzuia. Alifumbua macho, akauona mkono unaokuja.

"Usiniguse," alisema. "Utaliharibu vazi. Nimelingoja sana."

Mkono wa Kampon ulisimama pale pale. Ukarudi mapajani. Ule wa mama haukuwa na nguvu ya kurudi. Ulianguka ukingoni mwa kitanda, kiganja juu, vidole vikiendelea kutafuta. Kampon aliutazama. Mdomo wake ulijaribu maneno ya sala ukayakosa. Hatimaye aliinua macho yake, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kunyolewa, akamtazama Muepo, na hakuyashusha.

"Dada Muepo," alisema. "Nishikie."

Muepo aliuchukua mkono ule kwa mikono yake miwili. Vidole vilimfunga mara moja, kwa nguvu ambayo hakutegemea, na uso wa Mama Bualai ukatulia. Labda alidhani ni mwanawe. Labda alijua ni nani, na akaona inatosha. Muepo hakuthubutu kusogea.

"Mkono una joto?" aliuliza Kampon.

"Una joto."

Kampon aliungana tena na mzee. Alikuwa na siku sita tu za utawa na sala nyingi alikuwa hajazikariri. Pale asipojua alinyamaza akamsubiri mzee, kisha akadaka palipobaki. Sutha alikaa kwenye ngazi ya juu, amewapa mgongo. Mashambani watu walikuwa wanapandikiza mpunga, wakiitana, mmoja akimcheka mwingine kwa mstari uliopinda. Muepo aliwaza basi la Jumamosi. Aliwaza kuwa miezi mitatu ya watawa itaisha yeye akiwa mlimani, na hakuna aliyemwahidi kitu, wala hakuna aliyekuwa na haki ya kuahidi. Alijaribu kuomba. Hakujua aombe nini ambacho hakitamnyang'anya mmoja wao. Basi akashika mkono tu.

"Bado?" aliuliza Kampon, katikati ya pumzi mbili za sala.

"Bado."

Jua lilihama kutoka dirishani likafika miguuni mwa kitanda. Kifua cha Mama Bualai kilipanda, kikakaa, kikashuka. Kikapanda tena baada ya muda mrefu. Kikashuka. Muepo alingoja. Alihesabu mpaka ishirini, akaanza upya. Vidole vilivyokuwa vimemfunga vililegea, kimoja baada ya kingine, bila haraka.

Mzee wa hekalu alikuwa ameona. Alimtazama Muepo, akaendelea kusoma.

Kampon hakuwa ameona. Macho yake yalikuwa yamefungwa, machozi yanateremka kwenye uso usio na nyusi, na alikuwa amefika kwenye sala anayoijua yote.

"Bado una joto?" aliuliza.

Muepo aliukaza mkono ule. Joto lilikuwapo, lakini lilikuwa la mikono yake mwenyewe.

"Bado," alisema, na Kampon akaendelea kusoma.